Laptopu Chini ya Kitambaa

Kaeni vizuri. Mama wa pale nyuma, usitoke na mtoto, hata akilia tutasikilizana. Najua mmezoea mifano ya mashamba na ya kondoo, na wengine mnaimaliza kichwani kabla mimi sijafika katikati. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Basi leo sina shamba wala kondoo. Nina laptopu, tena kuukuu, betri yake imechoka. Wazee msiogope, mtaelewa. Na ninyi vijana msijifanye mmeshajua inakoelekea.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chekechea. Jina simpi, kwa sababu nikimpa jina kuna watu humu watageuka kumtazama jirani. Mwalimu huyu alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka mingi bila cheti. Watoto wa darasa lake alikuwa anawajua kwa vilio vyao. Yuko jikoni shuleni anakoroga uji, anasikia kilio uwanjani, anakwambia huyu kaanguka, huyu ana njaa, huyu anadeka tu. Lakini siku hizi kujua peke yake hakutoshi. Akaambiwa asome apate cheti, la sivyo darasa lake atapewa mwenye cheti.

Akajiandikisha kwenye chuo kinachofundisha watu wakiwa makwao. Akasoma kwa shida zote mnazozijua ninyi mnaosoma mkiwa na familia, akafika mtihani wa mwisho. Mtihani wenyewe unajibiwa kwa laptopu, na sharti ni kwamba kila mtu aje na ya kwake, ikimzimikia ni shauri yake. Siku hiyo wamekaa ukumbini, wamechomeka, wanaandika. Umeme ukakatika. Wenzake wakaendelea kwa betri. Ya kwake ikatoa mlio mmoja mdogo, kioo kikawa cheusi, akabaki anaiangalia sura yake mwenyewe mle ndani. Alilia pale pale mezani mbele ya watu. Chuo kikamwonea huruma, kikampa nafasi ya pili, na kikamwambia nafasi nyingine baada ya hiyo hakuna.

Alifika nyumbani ameshafuta machozi. Akamwambia mama mkwe wake kwamba darasa lake halitachukuliwa kwa sababu ya betri. Mimi nampenda mtu wa namna hiyo. Kuna watu wakianguka wanatafuta wa kumlaumu, na kuna watu wakianguka wanatazama wamejikwaa wapi.

Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaigeuza, akaipuliza vumbi, akamwambia betri ya laptopu ya aina hii haitengenezwi tena, na hizo za kuokoteza zitamwaibisha mapema kuliko hii. Akamshauri aitunze tu kama anavyomtunza mzee wake. Kwa hiyo kazi ikawa moja: betri ile ile, iliyochoka vile vile, ifike mwisho wa mtihani. Mngefanyaje ninyi?

Sasa niwaambie nyumba ilivyokuwa, maana bila nyumba mfano hautembei. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari za mbali, na ndiye aliyemletea hiyo laptopu, imeshatumika, kutoka safari mojawapo. Nyumbani wanabaki watatu: yeye mwalimu, mama mkwe wake, na shemeji yake, mdogo wa mume, kijana mtu mzima anayelinda usiku kwenye yadi ya mbao. Shemeji anarudi asubuhi watu wanatoka, anakunywa chai, anatandika mkeka sebuleni, analala. Jioni anaamka, anakula na familia, anarudi lindoni.

Na mama mkwe kazi yake ilikuwa kufuma vitambaa. Akina mama mnacheka, mnajua ninachosema. Nyumba ile kila chenye heshima kina kitambaa chake. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Friji ina kitambaa juu, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Laptopu ilipoingia, bibi huyo hakungoja kuombwa. Akaifumia kitambaa kizito cha nyuzi za sufu, chekundu, chenye pindo jeupe. Laptopu ikawa inakaa juu ya mto wa sofa, imefunikwa, na mgeni akija anaulizwa kama ameiona.

Haya. Mwalimu akaanza kazi. Kwanza alitaka kipimo. Akakumbuka kwamba sufuria ya maharage makavu, yasiyolowekwa, kwenye jiko lao la mkaa, inaiva kwa muda ule ule wa mtihani. Kwa hiyo kila siku akirudi shuleni bibi anabandika maharage, na mwalimu anakaa na laptopu bila kuichomeka, anajibu maswali ya mazoezi. Maharage yakiiva laptopu ingali hai, mtihani ameushinda. Laptopu ikizima maharage yangali magumu, bado. Siku ya kwanza laptopu ilizima hata maji hayajabadilika rangi.

Akaanza kupunguza. Picha ya mume wake iliyokuwa kwenye kioo akaitoa, akaacha weusi mtupu. Filamu akazifuta. Mitandao akaizima. Michezo ya watoto wa darasani akaitoa. Nyimbo za kwaya alizokuwa anazipiga akiwa anapika, na alizipenda kweli, akazifuta zote. Kwaya msininunie, alikuwa ana mtihani. Mwanga wa kioo akaushusha, akaushusha tena, mpaka ili aone maandishi ilibidi ajitandike kanga kichwani, yeye na laptopu ndani, kama mtu anayejifukiza. Jirani akipita anauliza kama mwalimu ana mafua.

Ikasaidia. Maharage yakafika kuvimba. Baada ya muda yakafika kupasuka maganda. Lakini kuiva hayakufika. Na nyumba nzima ikawa inakula maharage kila siku, mpaka shemeji akauliza kwa utani kama mtihani huu anaufanya shemeji yake au tumbo lake yeye. Walicheka wote siku hiyo. Ikumbukeni hiyo siku waliyocheka.

Sasa kulikuwa na jambo lisilomkaa mwalimu kichwani. Asubuhi anaiacha laptopu betri imejaa. Anaichomoa, kwa sababu umeme wa mtaa ule ukirudi kwa kishindo unaunguza vitu. Anaifunga kifuniko, anaiweka kwenye mto wake, anaifunika kitambaa chake, anaenda kazini. Akirudi mchana, na umeme wenyewe haurudi mpaka usiku, anakuta betri imeshuka nusu. Leo nusu, kesho nusu. Chaji inakwenda wapi? Yeye hayupo. Bibi laptopu hata kuifungua hajui. Nani anabaki sebuleni na hiyo laptopu mchana kutwa?

Mmeshamfikiria, siyo? Mmemfikiria haraka kweli. Na yeye mwalimu alimfikiria hivyo hivyo.

Siku kadhaa zikapita, na kila siku akiona betri imeshuka moyo unazidi kuchemka. Mtihani unakaribia, maharage hayaivi, na mtu mzima mwenye akili zake anamchezea laptopu ambayo ndiyo kazi yake na watoto wake wa darasani. Jioni moja wameketi kula, shemeji ameshanawa, mkono uko njiani kwenda kwenye sahani, mwalimu akasema maneno aliyokuwa ameyabeba. Akasema mbele ya mama mtu kwamba kuna mtu humu ndani anakula chaji ya mwenzake huku akimwona anavyohangaika.

Shemeji akaurudisha mkono. Akasema, "Shemeji, mimi nikitoka lindoni nalala. Sijagusa kitu chako hata siku moja."

Mwalimu akajibu, "Betri hailiwi na panya."

Bibi akaweka kijiko chini.  Maharage yale, ambayo siku hiyo hayakuwa yameiva, yakabaki kwenye sahani. Shemeji akamuaga mama yake, akaenda kazini na njaa. 

Mwalimu alitaka ushahidi, maana mtu akishatamka anataka awe amesema kweli. Kesho yake akaaga kama kawaida. Akaenda mpaka kona, akazunguka nyuma ya nyumba, akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia kwa mlango wa uani, akajibanza jikoni nyuma ya pazia. Pazia lile akilisogeza kidogo anaiona sebule yote. Aliomba ruhusa shuleni kwa ajili hiyo. Watoto wakabaki na mlezi mwingine ili mwalimu wao amvizie shemeji yake.

Shemeji akarudi. Akamsalimia mama yake. Akanywa chai, akatandika mkeka, akalala, na haukupita muda akaanza kukoroma. Bibi akatoka nje kwenye vitambaa vyake. Mwalimu akasubiri. Sebuleni hakuna anayeamka, hakuna anayenyoosha mkono. Miguu inamuuma, viatu viko mkononi, ameng'ang'ana hapo hapo.

Na nyumba ilipotulia kabisa, akasikia. Kati ya mkoromo na mkoromo kulikuwa na sauti nyingine. Mmmmm. Akafikiri ni friji, lakini friji ilikuwa haina umeme. Mmmmm. Akatoka nyuma ya pazia kwa vidole, akaifuata ile sauti mpaka kwenye sofa. Akaweka mkono juu ya kitambaa chekundu. Kilikuwa cha moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akakifunua, akainua kifuniko, na kioo kikawaka pale pale. Laptopu ilikuwa macho. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, inatafuta hewa chini ya sufu na juu ya mto, haipati, inazidi kuzunguka.

Ilikuwaje? Akakumbuka. Kabla mume wake hajarudi safarini, yeye mwenyewe alimwomba airekebishe ili ikifungwa kifuniko isilale. Alitaka aifunge, aifunike kitambaa chake, na kwaya iendelee kuimba mle chini wakati anapika. Mume akamwekea hivyo. Baadaye kwaya akaifuta kwa ajili ya mtihani, lakini ule mpangilio hakuukumbuka. Nyimbo zilikwisha, mashine ikaendelea kukesha inazingoja. Kila asubuhi alikuwa anaifunga, anaifunika vizuri, anaondoka akiamini imelala. Na aliyewasha hilo jambo ni nani? Ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Akafurahi, jamani. Furaha ikampita kimo. Akasahau kwamba amejificha, akasahau viatu mkononi, akamwamsha shemeji. "Shemeji, nimemkamata mwizi," akasema, "ni yenyewe, haikuwa inalala."

Shemeji akakaa kwenye mkeka. Akaitazama laptopu. Akalitazama pazia la jikoni lililokuwa bado linacheza. Akavitazama viatu vya mwalimu.

Akasema, "Kumbe ulikuwa umenivizia. Hiyo ndiyo kazi yangu, shemeji, naijua. Unamvizia mtu ukishamhesabu mwizi."

Hapo, ndugu zangu, kulikuwa na nafasi. Neno moja lilitosha. Lakini mwalimu alikuwa ameshapiga goti mbele ya laptopu, anatafuta ule mpangilio aubadilishe, na akili yake yote iko kwenye betri. Alisema tu kwamba wataongea. Shemeji akakunja mkeka. Kuanzia siku hiyo akawa akimaliza lindo analala huko huko kwenye yadi, kwenye kibanda cha walinzi, juu ya mbao.

Nyumbani laptopu ikaanza kulala. Mwalimu akiimaliza anaizima kabisa. Mto akautoa, akaiweka juu ya meza ngumu ipate hewa kwa chini. Kitambaa hakukitupa. Alimweleza bibi kwa upole kwamba kitambaa ni kizuri, ila kisubiri mashine ipoe kwanza, na bibi akakubali. Asubuhi betri imejaa, mchana akirudi anakuta imejaa vile vile. Akabandika maharage. Akajitandika kanga, akaanza kuandika. Maharage yakavimba, yakapasuka maganda, mchuzi ukawa mzito, bibi akachovya kijiko, akaonja, akamwambia yameiva. Na laptopu ilikuwa ingali hai, tena chaji imebaki.

Mwalimu akapiga kigelegele peke yake ndani ya kanga. Bibi hakupiga. Bibi alipakua sahani yake, akapakua ya mwalimu, akapakua ya mwanawe, akaifunika ya mwanawe kwa sahani nyingine, akaiweka pale anapokaaga. Jioni ikapita, ile sahani haikufunuliwa. Kesho yake akafanya hivyo hivyo, na keshokutwa. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja akauliza tu, "Mwanangu, mashine umeshailaza. Na lile la mdogo wako je?"

Mwalimu akajibu, "Baada ya mtihani, mama. Sasa hivi sitaki kitu kingine kichwani."

Hebu semeni, alikosea hapo? Wengi wenu mngesema hivyo hivyo. Mtihani ni mtihani. Nafasi ni ya mwisho. Ugomvi wa nyumbani upo tu, utamkuta. Mtu anaufunga kifuniko, anaufunika, anaenda zake. Ndivyo tunavyofanya, na tunaona ni busara.

Siku ikafika. Njia ya kwenda ukumbini inapita mbele ya yadi ya mbao. Mwalimu akapita pale asubuhi, laptopu imejaa chaji, ameikumbatia kifuani. Shemeji alikuwa amekaa getini, amempa mgongo, anakunywa chai baada ya lindo. Mwalimu akapunguza mwendo. Akawaza kwamba akisimama atalia, akilia atavuruga yote aliyoyasoma. Akaongeza mwendo, akapita.

Mtihani ukaanza. Umeme haukuchelewa, ukakatika. Laptopu za watu zikaanza kulia huku na huku, mmoja akashika kichwa, mwingine akamwita msimamizi. Ya mwalimu wetu imetulia, imepoa, inamsubiri aandike. Alijibu maswali ya mwanzo haraka haraka mpaka akafikia lile swali kubwa, lenye nusu ya maksi zote. Swali likasema: mtoto mmoja darasani kwako anadaiwa na wenzake kuwa ameiba penseli, na baadaye penseli inaonekana ilipokuwa imeanguka. Eleza kwa kirefu utakavyofanya wewe kama mwalimu.

Ndugu zangu, hili swali alilijua. Hili alilifanya kila wiki darasani. Unamwita mtoto aliyesingiziwa, unainama umfikie usawa wa macho, unamwambia mbele ya wenzake kwamba hana kosa, aliyemsingizia anamwomba radhi siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, asiende kulala nalo. Siku hiyo hiyo. Alikuwa anawafundisha hivyo watoto wa umri wa kunyonya kidole.

Akaandika sentensi ya kwanza. Akaifuta. Akaandika tena kwamba radhi iombwe siku hiyo hiyo, akamwona shemeji anaurudisha mkono kutoka kwenye sahani. Akafuta. Akaanza upya, akaliona lile pazia linacheza. Akafuta. Akakiona kile kibanda, na mbao, na mgongo wa mtu anayekunywa chai. Vidole viko juu ya herufi, havishuki. Alikuwa anajua kila kitu na hana nguvu ya kuandika hata mstari, kwa sababu nguvu yote ilikuwa inaliwa mahali pengine, chini kabisa, kwenye jambo alilodhani amelilaza mpaka baada ya mtihani.

Msimamizi akasema muda umekwisha. Laptopu ilikuwa na chaji nyingi. Ile mashine kuukuu, aliyoitolea jasho, iliweza kufika mwisho wa mtihani. Yeye hakuweza. Matokeo yalipotoka hakuwemo kati ya waliofaulu, na darasa lake akapewa mwenye cheti.

Lakini siku ile ya mtihani, alipotoka ukumbini hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye yadi ya mbao. Akamkuta shemeji anatandika mkeka wake juu ya mbao. Akapiga magoti pale kwenye vumbi la mbao, akamwomba radhi, kwa lile la mezani na kwa lile la nyuma ya pazia. Hakujitetea kwa neno hata moja.

Shemeji akamwinua. Akamwambia, "Nilishakusamehe, shemeji. Ila asubuhi ulipita hapa. Nilijua ni wewe kwa mwendo wako. Nikakaa nakusubiri useme."

Basi. Mfano umeishia hapo.

Najua kuna atakayenishika mkono mlangoni aniulize kama yule mama alipata kazi nyingine. Nitakuambia sasa hivi usije ukanikawiza. Alijiandikisha upya, mwaka wa kwanza, mwanzo kabisa, na laptopu ile ile. Shemeji anarudi nyumbani kula maharage. Yeye atafika, sina wasiwasi naye, maana ameshapajua mahali uchovu wake unapotoka. Wasiwasi wangu ni juu yetu sisi.

Sisi ni hodari wa kupunguza. Tunafunga kula, tunapunguza maneno, tunaamka mapema, tunajinyima hiki na kile, mwanga wetu tumeushusha mpaka karibu hatuonani. Na bado tunachoka. Unalala saa zote hizo unaamka umechoka. Unakuja hapa, unakaa kwenye benchi, unaimba, unarudi nyumbani umechoka zaidi ya ulivyokuja, halafu unasema ni umri, au ni kazi, au ni majirani. Nani anakula chaji yako? Umeshamtafuta mchawi wako, umeshamvizia nyuma ya pazia. Mimi nakuambia leo weka mkono juu ya kitambaa chako mwenyewe usikie joto.

Kwa maana tumevaa vizuri. Nawatazama kutoka hapa mbele, mmependeza kweli kweli. Kanga zimepigwa pasi, suti zimenyooka, kila mmoja ana kitambaa chake kizuri juu. Lakini kuna watu humu ndani nasikia feni zao zinanguruma. Umefunga macho unaomba, chini yake kuna maneno uliyomwambia ndugu yako miaka ile na hujayarudisha, yanazunguka usiku na mchana. Umefunga kifuniko. Hukuzima. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na betri inavijua hata kama wewe huvijui.

Utaniambia utamwona baada ya mavuno, baada ya harusi, baada ya mtoto kumaliza shule. Mwalimu wetu naye alikuwa na "baada ya" yake. Na mtu mwenyewe yuko njiani unakopita kila siku, amekupa mgongo, anausikia mwendo wako, anasubiri useme.

Sasa sikilizeni nitakachofanya, na wazee wa kanisa msinitolee macho. Kwaya, kaeni chini. Wimbo wa mwisho leo hatuimbi. Muda wa huo wimbo nawapa ninyi. Kama mtu wako yuko humu ndani, vuka benchi umfuate sasa hivi, mimi nitageukia ukutani nisione nani anamfuata nani. Kama yuko nje, mlango ule uko wazi, toka, hutakuwa umeikosea ibada, ndiyo kwanza utakuwa unaimaliza. Usipite nyumbani kwanza kubadili nguo. Usiseme utapiga simu jioni. Mimi nimeshaamua kwamba leo hatutoki hapa tumefunikwa tu, na nyie amueni.

Kuna nyumba leo mchana itapakua chakula na kufunika sahani moja isiyo na mwenyewe. Nenda ukamwite aje ale.